Nimefungua furushi la barua nikazipanga kwa tarehe. Nimeharibu?

#1 KitabuWazi
Habari zenu wakuu. Niko wiki ya tatu ya mafunzo kwa vitendo kwenye hifadhi ya nyaraka. Nimekabidhiwa maboksi 14 ya mpima ardhi mmoja aliyefariki zamani: madaftari ya kazini, ramani, barua, picha chache. Kazi yangu ni kuyapanga na kuyaandikia maelezo ili mtafiti akija ajue nini kiko wapi.

Siku ya pili msimamizi wangu alikuwa kikaoni, nikafungua boksi la 9. Ndani nikakuta furushi la barua limefungwa kwa kamba ya pamba. Barua 23 za watu mbalimbali, kuanzia 1911 hadi 1938, tena zimechanganyika: ya 1934 inafuatiwa na ya 1912, halafu ya 1927. Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha kwamba kazi naiweza. Nikafungua kamba, nikazipanga kwa tarehe, nikaziweka kwenye folda mpya. Kamba nikaitupa.

Jana msimamizi akanifundisha kuheshimu mpangilio wa asili wa nyaraka. Tumbo likanikata palepale. Maana barua zote zina namba ya penseli ya bluu kona ya juu kulia, 1 mpaka 25, na namba hizo hazifuati tarehe. Namba 7 na 15 hazipo. Kwa hiyo palikuwa na mpangilio na mimi nimeuvunja.

Naomba kuuliza mawili. Unaweza kurudishwa? Na hizo namba zilikuwa za nini? Msimamizi sijamwambia.

#2 Tarishi
La kwanza kabisa mwambie msimamizi, kesho asubuhi, kabla ya kugusa kitu kingine. Siku zikipita utaanza kusahau furushi lilikaaje, na kumbukumbu yako sasa hivi ndiyo ushahidi pekee uliobaki.

#3 Pembe4
Mimi kosa silioni. Tarehe ni kitu ambacho kila mtu anakielewa. Mtafiti akitaka kujua 1927 kulikuwa na nini, anafungua 1927, basi. Huyo marehemu alikuwa mpima ardhi. Labda siku ya kuhama nyumba alikusanya barua zilizokuwa mezani akazifunga kamba. Sasa tunaheshimu nini hapo, haraka ya mtu anayehama?

#4 MzeeMasjala
Pembe4, nakupinga kwa heshima. Nimekaa masjala miaka thelathini kabla ya kustaafu, na nitakupa mfano wa jalada la kawaida tu.

Barua imeandikwa tarehe 3 Machi. Imesafiri kwa meli, ikalala njiani, ikafika Juni. Karani kaigonga muhuri wa kupokelewa, kaipa namba, kaiweka juu ya ile ya Mei. Wakati huo mkubwa wa idara alishaamua jambo lenyewe tangu Aprili. Sasa njoo wewe upange kwa tarehe iliyoandikwa juu ya barua. Ile ya Machi itakaa kabla ya uamuzi wa Aprili, na kila atakayesoma atasema bwana huyu alionywa akapuuza. Hakuonywa! Barua ilikuwa baharini. Umemzulia mtu kosa, tena bila kubadilisha hata herufi moja.

Binti, hizo namba za kona ya juu kulia nazijua. Ni namba za karatasi ndani ya jalada. Kila karatasi iliyoingia ilipewa namba yake, na waliojibu walitaja namba hiyo. Zile zinazokosekana huenda zilihamishiwa jalada lingine. Angalia kona ya juu kushoto kama kuna tundu la kamba ya faili.

#5 Nahodha_wa_Faharasa
Uzi mzuri huu. Kwa wasiojua, kanuni yenyewe iliwekwa na Waholanzi watatu, Muller, Feith na Fruin, mwaka 1898. Waliandika kanuni 100 za kupanga na kuelezea nyaraka, na mpaka leo wanaosomea fani hii wanaanzia hapo.

#6 UtafitiTu
Nahodha, marekebisho kidogo. Waholanzi waliikusanya na kuifafanua, lakini hawakuianzisha. Ufaransa ilitoa waraka tarehe 24 Aprili 1841, ulioandaliwa na Natalis de Wailly, kwamba nyaraka za chombo kimoja zikae pamoja zisichanganywe na za chombo kingine. Ila waraka ule uliruhusu kupanga kwa mada ndani ya fungu lenyewe. Kuheshimu hata mpangilio wa ndani, yaani namna mwenyewe alivyoziweka, kulitiliwa nguvu na Waprusi (dola ya Kijerumani ya wakati ule) kwenye hifadhi yao ya Berlin mwaka 1881. Ni mambo mawili tofauti na watu huyachanganya: zimetoka kwa nani, na alizipangaje.

KitabuWazi hajagusa la kwanza. Barua bado ziko kwenye maboksi ya mpima ardhi. Aligusa la pili.

#7 Nahodha_wa_Faharasa
Nimekubali marekebisho, shukrani.

#8 Pembe4
Kwa hiyo Wafaransa wa 1841 wako upande wangu. Sikuwa peke yangu.

#9 KitabuWazi
Nimemwambia. Nilitegemea atafoka. Alikaa kimya kidogo, akauliza kama nilipiga picha kabla ya kufungua. Hapana. Akauliza kama nakumbuka ipi ilikuwa juu. Nakumbuka tatu za mwanzo tu, kwa sababu ile miaka ilinishangaza. Akasema niyaandike hayo matatu sasa hivi, niweke tarehe na jina langu, karatasi hiyo iingie kwenye kumbukumbu za kazi ya boksi la 9. Kamba tuliitafuta kwenye pipa la taka. Ilishakwenda.

Mzee, shikamoo. Nimeangalia kona ya juu kushoto. Barua 9 zina tundu, 14 hazina.

#10 MzeeMasjala
Marahaba. Hapo umenitia mashaka. Masjala isingeacha 14 bila kutobolewa. Labda ni 9 za ofisini na 14 za nyumbani, zikachanganywa baadaye. Lakini basi namba ingeanzia 1 mpaka 9 kwa zile zenye tundu. Zina namba ngapi hizo?

#11 KitabuWazi
Zenye tundu ni 2, 5, 6, 10, 13, 14, 17, 20 na 23.

#12 MzeeMasjala
Hapana, hazikai. Sijakata tamaa, lakini hazikai.

#13 Kipepeo22
Ni vielelezo vya kesi. Mpima ardhi, barua za watu tofauti, miaka mingi: huo ni mgogoro wa mpaka. Wakili wake kazitoa kwenye mafaili ya ofisini na kwenye droo za nyumbani, kazipa namba kwa mfuatano wa hoja atakazojenga mahakamani. Ndiyo maana tarehe hazina maana hapo. Namba 7 na 15 zilipokelewa na mahakama zikabaki kwenye jalada la kesi.

Halafu dada, unashika kwa glavu nyeupe lakini?

#14 MamaKalamu
Nimefanya kazi ya kukarabati karatasi miaka mingi, naomba nijibu la glavu kwanza. Karatasi ishike kwa mikono mikavu, safi, iliyonawiwa. Ukivaa glavu ya pamba vidole havihisi ukingo, nyuzi zinanasa penye mchaniko, na karatasi iliyochoka inamega. Glavu vaa ukishika picha na negativu, kwa sababu mafuta ya vidole yanaacha alama pale. Ukifungua boksi la negativu ukasikia harufu kali ya siki, hiyo filamu ya asetati imeanza kuoza. Itenge na mwite msimamizi.

Sasa furushi lako, mwanangu. Zile barua zimelala pamoja miaka mingi, lazima zimeachiana alama. Angalia kutu ya klipu: klipu ikikaa juu ya barua moja, kivuli cha kutu kinahamia kwenye jirani yake. Angalia wino mweusi uliogeuka kahawia, nao huchapa kivuli kwenye ukurasa unaoutazama. Angalia doa la maji, kubwa juu na dogo chini. Na zaidi ya yote tafuta tundu la mdudu. Mdudu hachagui barua, anatoboa moja kwa moja. Tumia kioo cha kukuzia na taa ya pembeni.

Jambo moja la hatari: kama kuna maandishi ya penseli ya zambarau, maji yasikaribie kabisa. Penseli zile zina rangi inayoyeyuka na kusambaa.

#15 KitabuWazi
MamaKalamu, Mungu akubariki. Nimeshinda siku nzima na kioo cha kukuzia, nawaletea nilichoona.

Barua 11 zina alama za mdudu mmoja. Kubwa kuliko zote iko kwenye namba 19, upana wake kama kichwa cha kiberiti. Linapungua kwenye 3, linapungua tena kwenye 22, kisha 4, 8, 16, 1, 25, 12, 9. Namba 11 haina tundu, ina mkwaruzo tu. Alikomea hapo.

Msimamizi akaniambia nisitazame namba, nifuate tundu peke yake. Tulipozipanga hivyo tukazikunja taratibu kwa mikunjo yake ya zamani, tukaziinua, akawasha tochi kwa juu. Mwanga ukapita barua zote kumi na kutua kwenye ule mkwaruzo wa namba 11. Nilinyamaza. Zilikuwa zimekaa kama zilivyokuwa zimekaa miaka yote ile.

Na kumbukumbu yangu ya 1934, 1912, 1927 ndiyo hiyohiyo 19, 3, 22. Kwa hiyo zile 11 nimezirudisha. Zile 12 nyingine hazina tundu, natafuta madoa.

#16 MamaKalamu
Nimefurahi mpaka nimesimama. Lakini msirudie kukunja. Mkunjo wa zamani ndipo karatasi inapovunjika kwanza, hasa karatasi ya massa ya mbao, ambayo ina asidi ndani yake. Mara moja inatosha. Zikae zimenyooshwa.

#17 Pembe4
Subirini. Kama tundu linasema 19, 3, 22 na namba zinasema 1, 2, 3, basi mipangilio ni miwili, na mwenyewe ni mmoja. Upi ni wa asili? Nauliza kwa nia njema. Mlinipinga mimi mnapinga tarehe, sasa mniambie mnaheshimu kipi.

#18 UtafitiTu
Hilo ndilo swali la uzi huu. Kwangu mimi ni ule uliokutwa. Ndio uliotufikia. Namba ni habari iliyoandikwa juu ya barua, haitapotea, mtafiti ataiona mwenyewe. Lakini mkao wa furushi hauandikwi popote, ukishavunjwa umekwenda.

#19 MzeeMasjala
Na mimi nasema namba. Mtu alikaa chini na penseli akasema hii ya kwanza, hii ya pili. Hiyo ni kazi ya makusudi. Mkao wa furushi unaweza kuwa kazi ya mtoto aliyeangusha barua akaziokota.

#20 Nahodha_wa_Faharasa
Mnasahau kwamba si lazima kuchagua mmoja. Peter Scott, mtunza nyaraka kule Australia, mwaka 1966, alipendekeza tuache kulazimisha nyaraka zihesabiwe kuwa za kundi moja tu kinadharia. Kilichoko kwenye rafu ni kitu kimoja, uhusiano kati ya vitu unauandika kwenye maelezo. Zipange rafuni kwa tundu, andika jedwali la namba. Mambo yaishe.

#21 Pembe4
Na jedwali la tarehe.

#22 Nahodha_wa_Faharasa
Na la tarehe, mkuu. Umeshinda kidogo.

#23 MamaKalamu
KitabuWazi, kuna kitu kinaweza kutuambia kipi kilitangulia. Kuna barua ambayo tundu limegusa namba ya bluu? Kama tundu limekata mstari wa penseli, namba ilikuwepo kabla ya mdudu. Kama penseli imetumbukia ukingoni mwa tundu na kuacha unga wa bluu ndani, namba iliandikwa baada yake.

#24 KitabuWazi
Barua zimekunjwa sehemu tatu, kwa hiyo mdudu ameacha matundu matatu kwa kila karatasi, na lile la juu linakaribia kona. Kwenye namba 8 limekaribia kuliko zote. Nimepima: milimita mbili. Halijagusa.

#25 MamaKalamu
Milimita mbili! Basi tena.

#26 Ndimi
Nimeusoma uzi wote. Mnabishana kuhusu mpangilio, mimi nina wasiwasi na tarehe zenyewe. Ile ya 1912 imeandikwa kwa kalenda gani? Tarehe ni mtego mkubwa kwa anayeanza kazi hii. England kabla ya 1752 mwaka ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo barua ya Februari 1740 kwa hesabu yetu ni ya 1741. Urusi ilitoka tarehe 31 Januari 1918 ikaingia moja kwa moja tarehe 14 Februari. Usiandike mwaka mpaka ujue umehesabiwa vipi.

#27 KitabuWazi
Ndimi, umenigusa. Namba 3 imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, ina tarehe ya Rajabu 1331. Nilitafuta 1331 ni mwaka gani, nikaona 1912, nikaandika.

#28 Ndimi
Mwaka 1331 wa Hijria ulianza Desemba 1912. Rajabu ni mwezi wa saba, kwa hiyo imeangukia Juni 1913 au siku za mwanzo za Julai. Andika tarehe ilivyo kwenye barua kwanza, Rajabu 1331, halafu ndiyo uweke Juni–Julai 1913 kwenye mabano ya mraba kuonyesha kwamba hesabu ni yako. Mtafiti atakayekuja na kalenda yake ataweza kukukagua.

#29 KitabuWazi
Nimerekebisha. Nikiri kwamba kama zingebaki kwenye zile folda zangu, hii ingekaa mwaka usio wake na hakuna ambaye angejua.

#30 Pembe4
Hili nakubali bila ubishi. Mpangilio wa tarehe unahitaji tarehe sahihi.

#31 Tarishi
Naomba niulize jambo la wazi. Tuko barua 23. Dada ana maboksi 14. Mafunzo yake ni ya miezi mingapi? Mwaka 2005 Wamarekani wawili, Mark Greene na Dennis Meissner, walionyesha jinsi hifadhi zinavyorundika makusanyo yasiyofunguliwa kwa sababu watu wanatumia muda kuondoa klipu moja moja na kuelezea karatasi moja moja. Ushauri wao ulikuwa kwanza mkusanyiko wote usomeke hata kwa ujumla, ndipo uzame penye thamani. Mtafiti anayesubiri ramani za boksi la 2 hana habari na mdudu wa boksi la 9.

#32 UtafitiTu
Tarishi ana hoja, lakini niseme upande wa msomaji. Niliwahi kufuata mkusanyiko fulani ambao mwongozo wake ulisema "Barua mbalimbali". Maneno hayo mawili yalinigharimu siku nne. Nilifungua folda moja baada ya nyingine, na nilichokuwa nakitafuta kilikuwa folda ya mwisho. Mwandishi angeongeza sentensi moja tu, barua hizi zinahusu nini na kutoka kwa akina nani, ningefika siku ya kwanza. Siombi kila karatasi ielezewe. Naomba neno "mbalimbali" lipigwe marufuku.

#33 Nahodha_wa_Faharasa
Kiwango cha kimataifa cha kuelezea nyaraka, toleo la pili la mwaka 2000, kina vipengele 26 lakini sita tu ndivyo vya lazima: namba ya utambulisho, kichwa, aliyezizalisha, tarehe, ukubwa, na ngazi ya maelezo (yaani unaelezea mkusanyiko mzima, folda au karatasi moja). Ukubwa usiandike "maboksi 14" peke yake, maana boksi la mtu halijulikani. Maboksi ya kawaida ya upana wa sentimita 12.5, manane yanajaza mita moja ya rafu. Yako 14 kama ni hayo ni mita 1.75.

#34 KitabuWazi
Ni hayo, asante. Tarishi, miezi mitatu. Msimamizi ameniruhusu furushi hili nusu saa kila siku, muda mwingine naandika orodha ya maboksi yote. Tayari nimemaliza la 1 hadi la 6 kwa ujumla.

Katika kuorodhesha nimeona kitu. Madaftari yake ya kazini nayo yana namba, 1 mpaka 25.

#35 Ndimi
Ishirini na tano! Basi kila barua inakwenda na daftari lake. Alikuwa anaweka alama kwamba barua hii inahusu kazi iliyoko daftari hili.

#36 KitabuWazi
Ndicho nilichofikiri, nikakimbilia boksi la 4. Barua namba 12 inalalamika kuhusu jiwe la mpaka lililong'olewa kando ya mto, na daftari namba 12 lina mchoro wa mto huo, jiwe limechorwa. Nilipiga kelele nikaambiwa ninyamaze. Nikafungua 13, haihusiani. 14 inahusiana. 4 haihusiani kabisa, daftari ni la barabara na barua ni salamu za rambirambi. Mpaka sasa nimelinganisha 10: sita zinahusiana, nne hapana.

#37 Kipepeo22
Jiwe la mpaka lililong'olewa. Sisemi zaidi. Kesi.

#38 KitabuWazi
Kipepeo, nilitafuta muhuri wa mahakama au saini ya karani. Hakuna, isipokuwa nyuma ya namba 16 kuna robo ya muhuri wa mviringo, wino umefifia, nasoma herufi mbili tu. Na rambirambi inafanya nini kwenye kesi ya mpaka?

#39 Kipepeo22
Kuthibitisha tarehe ya kifo cha mwenye shamba.

#40 UtafitiTu
Au mzee alikuwa anaandika maisha yake. Mtu aliyestaafu anatoa barua, anazipanga kwa sura za kitabu anachokusudia. Sita zinakwenda na madaftari kwa sababu sura nyingi zilihusu kazi, nne hazikwendi kwa sababu maisha si kazi tu. Penseli ya bluu ilikuwa kalamu ya wahariri kwa muda mrefu.

#41 MamaKalamu
Mnasema "mzee" kana kwamba tumeshajua ni yeye. Linganisha mwandiko. Tarakimu 4 inasema mengi, wengine huifunga juu, wengine huiacha wazi.

#42 KitabuWazi
Kwenye namba za bluu za barua, 4 imeachwa wazi juu. Kwenye madaftari ya kazini imefungwa, kila mahali, nimeangalia kurasa nyingi. Lakini boksi la 11 kuna daftari la hesabu za nyumbani ambalo nililiweka kwenye orodha kama lake. Humo 4 ziko wazi.

#43 MamaKalamu
Na nani alikuwa anaandika hesabu za nyumbani?

#44 KitabuWazi
Halina jina. Mwandiko umelala kulia, tofauti na wake. Nadhani mkewe. Jina la mkewe halipo popote kwenye karatasi tulizopewa na familia, ametajwa kama "mama" na "mke wa" tu. Nimeandika "mwandiko usiotambuliwa" kwenye daftari hilo, maana nilitaka kuandika jina la mume na mkono ukagoma.

#45 MzeeMasjala
Umefanya vizuri, binti. Kama ni mke aliyezipa namba baada ya mumewe kufariki, basi masjala yangu imeondoka na kesi ya Kipepeo inapungua nguvu. Mjane anapanga barua za marehemu kwa namna anayoijua yeye.

#46 Kipepeo22
Haipungui. Wajane nao walifungua kesi za ardhi, na wengi zaidi walifunguliwa.

#47 Ndimi
Na daftari langu halijafa. Mke aliyemsaidia kazi angejua barua ipi ni ya daftari lipi. Zile nne zisizohusiana zinaweza kuwa makosa ya kumbukumbu.

#48 KitabuWazi
Wakuu, nimeandika maelezo ya furushi kama ifuatavyo, naomba mnikosoe kabla sijampelekea msimamizi:

"Barua 23 kwa mpima ardhi kutoka kwa wamiliki wa mashamba, ofisi na ndugu, 1911–1938, nyingi zikihusu mipaka na mawe ya mipaka. Zimepewa namba 1–25 kwa penseli ya bluu kwa mwandiko usiotambuliwa, unaofanana na wa daftari la hesabu za nyumbani (boksi 11). Namba 7 na 15 hazipo. Furushi lilifunguliwa na kupangwa kwa tarehe wakati wa kazi. Mpangilio wa asili wa barua 11 umerejeshwa kwa kufuata tundu la mdudu, barua 12 zilizobaki zimewekwa kwa mfuatano wa namba. Barua 6 kati ya 10 zilizolinganishwa zinahusiana na daftari la kazini lenye namba ileile."

#49 UtafitiTu
Ningekuwa mtafiti ningekushukuru kwa kila sentensi, hasa ile ya kukiri kwamba furushi lilifunguliwa. Badilisha neno moja. Usiseme "mpangilio wa asili". Hatujui kama ni wa asili. Sema "mpangilio uliokutwa".

#50 MzeeMasjala
Hapo nakubaliana na UtafitiTu, kwa mara ya kwanza.

#51 Pembe4
Ongeza tarehe uliyolifungua na jina lako la kazi. Na usiseme "unaofanana" bila kusema umefanana wapi. Andika tarakimu 4.

#52 KitabuWazi
Nimebadilisha yote. Limeingia kwenye mfumo leo saa nane mchana.

#53 KitabuWazi
Wakuu, niko boksi la 13. Nimefungua daftari namba 21 ili nihesabu kurasa. Katikati kuna barua imekunjwa sehemu tatu. Kona ya juu kulia, penseli ya bluu, namba 15. Haina tundu. Ukurasa ilipolalia umegeuka kahawia umbo lilelile la barua, kwa hiyo imekaa humo miaka mingi sana. Nne ya tarehe iko wazi juu, tena ni mwandiko uleule uliolala kulia. Yaani hii hakuandikiwa mpima ardhi, imeandikwa na yule wa daftari la hesabu. Mikono inatetemeka, sijui kama niitoe niisome.

#54 MamaKalamu
Usiitoe. Piga picha kwanza, kurasa zote mbili, na rula pembeni.